Kanga ya Mwalimu Yosefina

Mimi nina mdomo. Nalisema mwenyewe kabla hujalisikia kwa majirani. Hapa Lipangalala wananijua kwa vitu viwili, maziwa ninayouza na maneno yangu, na wapo wanaonunua maziwa kwingine ili wasiyasikie maneno. Jina langu ni Kabula, ila wengi huniita Mama Rose, kwa ajili ya binti yangu Rosemery. Habari hii lakini si yangu, ni ya jirani yangu Agnella. Naiandika kwa sababu kuna mahali nilipoiharibu mimi, na sioni mtu mwingine atakayelisema hilo.

Agnella ni Mndamba, mzaliwa wa kijiji cha Mbingu, mwanamke mwembamba anayeongea taratibu mpaka inabidi utue ndoo umsikilize. Mume wake, Ildefonce, analima mpunga bondeni. Kwa kuwa sisi Wasukuma tulikuja huku na ng'ombe, na ng'ombe hawajui mpaka wa shamba, mwanaume huyo hakosi neno la kunichokoza. Nikimpa kikombe cha maziwa hukinusa kwanza. "Mama Rose, maziwa haya yananukia mpunga wangu." Namjibu, "Ndiyo maana matamu." Agnella hucheka kwa mabega tu, bila sauti. Nilimpenda tangu siku za mwanzo, mimi ambaye siwapendi watu haraka.

Mtoto wao wa kwanza hakumaliza mwezi. Wa pili ni Justa. Alizaliwa wiki tatu kabla ya Rose wangu, wakakulia kwenye mkeka mmoja, kwa hiyo tofauti niliiona mapema nikanyamaza, jambo ambalo silifanyi mara nyingi. Rose akaita mama, Justa kimya. Rose ukimwita anageuka. Justa ungemwita mpaka koo likauke, macho yake yako kwenye vizibo vya soda anavyovipanga mstari, vyekundu peke yake, vya bluu peke yake. Ukisogeza kimoja tu, kilio chake kinafika barabarani. Pikipiki ikiwashwa karibu anaziba masikio na kukimbia, popote miguu inapompeleka.

Watu wakasema. Karogwa huyo. Mama yake alivunja miiko akiwa na mimba. Bibi yake wa Mbingu alimchukua wiki mbili, akamrudisha na chale kifuani, kimya vilevile. Agnella hakugombana na mtu. Alimbeba mwanawe mpaka hospitali, akarudishwa, akaenda tena, hadi daktari mmoja kijana alipokaa naye chini karibu saa nzima na kumwandikia neno moja kwenye karatasi: usonji. Jioni ile alikuja kwangu, akanipa karatasi nimsomee. Kusoma anajua. Nadhani alitaka kulisikia likitoka kwenye kinywa cha mtu mwingine.

"Hajalogwa," akasema. "Amezaliwa hivyo. Daktari kasema hakuna dawa ya kumeza, lakini akifundishwa, akikaa na wenzake, atajua mengi. Kasema awahi shule."

Tangu siku hiyo Agnella alitaka kitu kimoja tu: Justa apate nafasi darasa la awali, pamoja na watoto wote wa mtaa.

Kabla sijafika shuleni, niseme jambo moja la shambani, maana ndilo lililotukwaza baadaye. Mpunga ukianza kutoa mashuke, ndege hushuka kwa makundi, na lazima mtu awaamie, yaani awafukuze, tangu alfajiri mpaka jua lizame. Watu wa bonde hujenga dungu, jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya maji, na mama hukaa huko na watoto wake. Mtoto mdogo anafungwa kanga kiunoni. Ncha ya pili inafungwa kiunoni mwa mama, au kwenye nguzo mama akishuka, ili mtoto asianguke. Nilikwenda kule mara moja, mwaka jana. Wanawake wengine wote walikuwa wametundika makopo ya kugonga, bonde zima linalia. Dungu la Agnella lilikuwa kimya. Alikuwa anafukuza ndege kwa kombeo na madonge ya udongo, mkono umevimba, kwa sababu makopo yanamuumiza Justa masikio. Na Justa amefungwa kanga, ametulia, anapanga mabua.

"Mama Justa," nikamwambia, "kwetu anayefungwa hivi ni ndama."

Akacheka kwa mabega. "Kwetu ni mtoto."

Januari akaenda kuandikisha. Mwalimu mkuu, Mwalimu Silvano, si mtu mbaya, ni mtu aliyechoka. Alimkatalia. Agnella akarudi kesho yake, na kesho kutwa, anakaa kwenye benchi la nje na mtoto mgongoni na karatasi ya daktari ndani ya mfuko wa nailoni isilowe. Siku ya nne nilimsindikiza, kwa masharti kwamba nifunge mdomo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Umerudi tena."

"Nimerudi."

"Mama, nina watoto mia moja na thelathini wa awali na walimu wawili. Huyu anahitaji shule maalumu. Mpeleke Morogoro."

"Morogoro nitamwacha na nani, Mwalimu? Ana miaka mitano."

"Basi msubiri hata mwakani."

"Mwakani atakuwa na usonji huuhuu," akasema Agnella, kwa ile sauti yake ndogo, "ila atakuwa amepoteza mwaka."

Nilitaka kupiga vigelegele mle ofisini. Mwalimu Silvano alishika karatasi akaigeuzageuza. Hapo ndipo alipoingia Mwalimu Yosefina, mwalimu wa awali, mama mnene wa miaka hamsini hivi, chaki mpaka kwenye nywele. Alikuwa amesikia kutoka mlangoni. "Mkuu, mwache mtoto aje kwangu. Nikishindwa nitasema nimeshindwa."

Mkuu akakubali, kwa sharti kwamba Agnella akae darasani mpaka mwisho wa Februari. Baada ya hapo mtoto abaki na mwalimu, na kukitokea tatizo lolote, basi tena.

Agnella akamfundisha mwalimu, yeye aliyeishia darasa la saba. Kwamba Justa asiguswe kichwa. Kwamba uji wa kikombe cha shule hanywi, ataletewa wake. Kwamba ukitaka aende mahali, usimvute, tangulia. Kubwa kuliko yote lilikuwa kengele. Pale shuleni wametundika rimu ya gari kwenye mti nyuma ya ofisi, na mwanafunzi wa zamu huigonga kwa chuma kwa nguvu zake zote, maana wavulana wa darasa la saba hushindana nani ataifanya isikike mbali zaidi. Siku ya kwanza Justa aliposikia alitoka mbio mpaka barabarani. Lori la mpunga lilifunga breki, na Agnella alimdaka kwa gauni. Wiki nzima hakupata usingizi.

"Shambani huwa tunamfunga kanga," alimwambia mwalimu.

Mwalimu Yosefina alicheka. "Mama Justa, mimi mwenyewe nimekulia kwenye dungu. Nimefungwa kanga mpaka nikaota alama kiunoni."

Mambo yakaanza kwenda. Machi, Agnella akaondoka darasani, akabaki kupeleka uji saa nne tu. Siku moja alikuja kwangu anakimbia, mimi nakamua, nusura ampige teke ndama. Mwalimu alikuwa anaita majina, watoto wanaitika "nipo", na alipofika kwa Justa Ildefonce, mtoto amesema "po". Kwa sauti. Mara mbili. Agnella alisimulia huku analia na kucheka, na mara ile alicheka kwa sauti, nikagundua kuwa kicheko chake ni kikubwa kabisa, alikuwa anakificha tu.

Sasa nafika kwangu.

Ilikuwa Aprili. Mimi hupeleka maziwa ya chai ya walimu, na siku hiyo tulikwenda pamoja, mapema kuliko kawaida yake, yeye na chupa ya uji. Tukiwa uwanjani kengele ya mapumziko ikalia, kwa ulegevu, pigo moja dogo na jingine. Nikasema, "Leo aliyeigonga hakula jana," tukacheka. Tukafika mlango wa awali.

Watoto walikuwa wanatoka. Justa alikuwa amekaa sakafuni, amefungwa kanga kiunoni, ncha ya pili kwenye mguu wa dawati. Watoto wawili wameishika ile kanga katikati wanaitikisa na kuimba, "Mbuzi! Mbuzi!" Mwalimu hayupo. Justa mwenyewe alikuwa anapanga vizibo vyake, na hilo nalikumbuka sasa, wakati ule sikulitazama. Agnella akapiga magoti akaanza kufungua fundo. Na hapo Mwalimu Yosefina akaingia kutoka nje, anahema, na chuma mkononi.

"Chuma!" nikapiga kelele. "Umemfunga mtoto na sasa unakuja na chuma!"

"Mama Rose, nilitoka dakika moja tu..."

"Dakika moja ya nini? Kwetu anayefungwa ni ndama! Mtoto wa watu hasemi, ndiyo umfunge? Ungemfunga wa mkuu wa shule?"

Nilisema mengi zaidi. Walimu walitoka ofisini, watoto wa madarasa ya juu walijaa madirishani. Mwalimu Yosefina alijaribu kusema mara tatu, na mara zote tatu nilimkata. Mwisho akanyamaza, akaangalia chini, na mimi nikaona kunyamaza kule ndiyo ushahidi.

Nyumbani Agnella alikaa kwenye kigoda changu. "Lakini hata mimi shambani..."

"Shambani ni shambani!" nikamwambia. "Pale ni shule. Umekaa siku nne kwenye benchi ili mwanao aitwe mbuzi? Leo dawati, kesho mti. Ukinyamaza wewe, nani atamsemea?"

Nikachukua daftari la Rose, nikachana karatasi ya katikati, nikaandika barua kwa afisa elimu. Mwandiko wangu ni mzuri, nilisifiwa tangu shule. Niliandika "amefungwa kama mnyama" na nikapigia mstari. Agnella akatia saini. Mkono wake ulisimama kidogo juu ya karatasi kabla ya kuandika, na mimi nikadhani anatafuta mahali pa kuanzia.

Wakaja watu wawili, wakauliza. Mwalimu Yosefina alikubali kwamba amemfunga. Alieleza na sababu, lakini waliotumwa walitumwa kuuliza kama amefunga au hakufunga. Mei ilipoingia akahamishiwa shule ya mbali, njia ya Mlimba. Mimi nilijisikia mshindi. Nilitembea mtaani nikiwa nimenyoosha shingo, na waliokuwa wananikimbia wakanunua maziwa.

Ushindi haukumaliza wiki. Mwalimu aliyekuja hakutaka kumpokea Justa. Yule mwingine wa awali alikataa pia. Mwalimu Silvano alituita, na safari hii hakuwa mkali, nadhani ningependa angekuwa mkali. "Mama Justa, nifanye nini? Kila mwalimu anaogopa barua. Ukikubali kukaa naye mwenyewe darasani kila siku, alete. Vinginevyo sina mtu." Na mpunga ulikuwa umetoa mashuke. Ildefonce alikuwa peke yake bondeni akikimbizana na ndege kutoka kona hadi kona, na chakula chao cha mwaka mzima kipo pale. Agnella hakuweza kuwa kwenye dungu na kwenye dawati siku moja. Justa akarudi nyumbani.

Siku za mwanzo hakufanya chochote tofauti. Kisha asubuhi moja nikiwa napita na ndoo, nikamkuta kwenye kizingiti cha nyumba yao amevaa sare, ameivaa mwenyewe, vifungo vimepishana. Kiunoni amejifunga kanga ya maua ya bluu. Ncha ya pili ameishika mkononi, amenyoosha mkono kuelekea njia ya shule, kama anampa mtu. Alisimama hivyo muda wa watoto wote kupita. Njia ilipobaki tupu akakaa chini, ncha bado mkononi.

"Hiyo kanga ya nani?" nilimwuliza Agnella.

"Ilikuja kwenye begi lake siku ya mwisho. Si yangu."

Kesho yake Justa yuko pale tena. Na kesho kutwa. Mimi nikamwuliza Rose wangu, ambaye muda wote huo alikuwa darasa lilelile, dawati la tatu kutoka mlangoni, na mimi, mwenye maneno ya kumjaza afisa elimu, sikuwahi kumwuliza hata swali moja.

"Hiyo ya Mwalimu," Rose akasema. "Alikuwa anajifunga huku, Justa anajifunga kule. Anafundisha naye hivyohivyo. Akienda ubaoni, Justa anaenda. Tulikuwa tunawacheka."

"Sasa mbona siku ile alimfunga kwenye dawati?"

"Kengele ikikaribia ndiyo anamfunga kwenye dawati. Anakimbia kuigonga yeye. Anaigonga polepole, Justa asiogope. Anamnyang'anya chuma kaka wa zamu."

Nilikuwa nachuja maziwa. Yalimwagika, nikayaangalia yakienda. Ule mlio mlegevu nilioucheka uwanjani. Kile chuma.

Nikaenda kwa Mwalimu Silvano kuiondoa barua. Akaniambia barua haiondolewi, imeshapanda juu. Nikaomba namba ya simu ya Mwalimu Yosefina. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, lakini alipopokea nilisema jina langu tu, halafu nikakwama. Kisha akauliza, "Justa bado anaitika?" Nikasema sijui. Akasema, "Mwambie mama yake amwite jina lote, Justa Ildefonce. La nusu haitiki." Akaniaga kwa heshima. Hakunitukana, na mpaka leo natamani angenitukana.

Ikabaki kumwambia Agnella. Nilikwenda alfajiri, kabla hajashuka shambani. Alikuwa anafunga kifurushi cha chakula. Nilimweleza yote, kanga, kengele, chuma, aliyoyasema Rose. Nilimwambia kwamba nafasi ya mwanawe nimeipoteza mimi. Alisikiliza, akaendelea kukaza mafundo ya kifurushi, halafu akasema:

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Ya kengele sikuijua. Lakini fundo nililifungua mimi, Mama Rose. Ni fundo la dungu. Mtoto akivuta halimkazi. Asiyemjali mtoto hafungi fundo lile."

"Sasa kwa nini ulitia saini?"

Akaacha kifurushi. "Tangu nimzae Justa, watu wamenihurumia. Wamenicheka, wameniombea. Baba yake analia akidhani simwoni. Lakini hakuna mtu aliyewahi kukasirika kwa ajili yake, hata mmoja. Wewe siku ile ulikuwa unatetemeka, kana kwamba aliyefungwa ni Rose. Nikaona raha moyoni. Nikasema, leo mwanangu naye ana mtu wa kumgombea. Nikashindwa kukuzuia." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Nilimtoa mwalimu wangu kwa ajili ya raha ile. Kosa si lako peke yako."

Nilimshika mkono, ule unaorusha kombeo, tukabaki hivyo, tunalia wote wawili mbele ya jiko lisilowashwa.

Kukapambazuka. Justa akatoka ndani na sare yake na kanga ya bluu, akasimama kizingitini, akanyoosha mkono wenye ncha. Watoto walianza kupita, Rose wangu miongoni mwao. Nikakumbuka aliyoyasema mwalimu. Nikachuchumaa mbele yake nikaita, jina lote, "Justa Ildefonce."

Hakuniangalia. Alikuwa anatazama njia. "Po," akasema, akiitika upande ule.

Agnella akajitwisha kifurushi. Akaja akaichukua ile ncha kutoka mkononi mwa mwanawe, akajifunga kiunoni, fundo lilelile, wakaanza kushuka bondeni kuamia ndege. Justa alifuata kila kanga ilipovutika, lakini uso wake ulibaki umegeukia upande wa shule mpaka walipokata kona.